Pole Pole ya Asiyebeba Mzigo

Kuna methali ningependa ipigwe marufuku kwenye viwanja vyetu vya gofu, angalau Jumamosi na Jumapili: "Pole pole ndiyo mwendo." Utaisikia pale mwanzo wa shimo la kwanza, na utaisikia tena baa baada ya raundi iliyokula masaa matano na nusu. Anayeisema mara nyingi ni yule yule aliyewasimamisha wenzake nyuma tangu asubuhi. Anaisema akicheka, mikono mitupu, kwa sababu mkoba wake wenye fimbo 14 kaubeba mtu mwingine.

Naandika haya nikiwa Tabora, mji ambao hakuna atakayeusingizia kuwa mji wa gofu. Huku ni mpira wa miguu, bao na asali. Lakini nimeshatumwa mara kadhaa kuripoti mashindano ya ridhaa Dar, Arusha na Moshi, na kila nikirudi nyumbani najiuliza swali lile lile. Hivi sisi, ambao babu zetu waliifanya njia ya misafara kwa mabega yao, tulisahau lini kwamba mwendo una mwenyewe?

Hoja yangu ni hii: pole pole ni haki ya aliyebeba mzigo. Asiyebeba hana ruhusa ya kuitumia dhidi ya aliyebeba.

Kwa msomaji asiyefuatilia gofu, mambo yako hivi. Raundi kamili ni mashimo 18, na wikiendi watu hutoka wanne wanne, kundi moja nyuma ya jingine. Kundi la mbele likikwama, la nyuma halina pa kwenda; linasimama mpaka lisogee au liruhusiwe kupita. Raundi ya watu wanne wa ridhaa ikienda vizuri huchukua kama masaa manne. Siku ya mashindano yenye mdhamini na mahema, masaa matano ni kawaida, na sita si ajabu.

Malalamiko yanayoandikwa kuhusu jambo hili, huku kwetu na huko Ulaya, karibu yote ni ya mchezaji. Kasubiri, mkono umepoa, chakula cha mchana kimempita. Namwelewa. Ila kuna mtu amesimama pembeni yake na kilo kadhaa begani ambaye hasara yake haiandikwi popote. Huyo ni kedi, mbeba mkoba.

Tupige hesabu. Afrika Mashariki kedi kwa kawaida analipwa kwa raundi, si kwa saa. Tuseme kaanza saa 1 asubuhi. Raundi ikiisha saa 5, anakunywa chai, saa 6 mchana anapata mkoba wa pili, saa 10 jioni kamaliza. Siku hiyo kalipwa mara mbili. Sasa chukua raundi ya masaa matano na nusu. Anamaliza saa 6:30 mchana. Hata akipata mkoba mwingine saa 7:30, atamaliza saa 1 usiku, na nani anacheza gofu gizani? Kwa hiyo mkoba wa pili haupo. Saa moja na nusu iliyochezewa asubuhi imekula nusu ya kipato chake cha siku, na hakuna hata mmoja katika wale wanne anayejua kwamba kachukua kitu cha mtu.

Sasa nirudi kwenye njia yetu. Mpagazi aliyetoka Unyanyembe kwenda pwani alibeba mpaka frasila mbili, yaani kama kilo 32, na juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula. Sitaki kuipaka asali njia ile. Ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na hakuna mtu wa Tabora mwenye akili timamu anayeisimulia kama matembezi ya jioni. Lakini mpagazi huru wa Kinyamwezi, aliyekwenda kwa mkataba, alikuwa na mambo mawili ambayo kedi wa leo hana.

La kwanza ni kirangozi. Huyu ndiye aliyetangulia na bendera, na mwendo wake ulikuwa mwendo wa wote. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora hii hii, Novemba 1857 baada ya siku 134 kutoka pwani, aliandika kwamba aliyethubutu kumpita kirangozi alitozwa faini, na mshale ulichomolewa kwenye podo lake ili atambulike mwisho wa safari ya siku. Ukali huo ulikuwa na maana yake. Kirangozi alipaswa kujua maji yako wapi na nguvu za watu zimefikia wapi. Msafara ulipovuka Mgunda Mkali, lile pori kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, watu walipiga tirikeza: wanaondoka mchana, wanatembea mpaka giza, wanalala bila maji, kesho yake asubuhi wanafika kisimani. Wakishafika, wanapumzika. Pole pole ilikuwa na mahali pake na haraka ilikuwa na mahali pake, na aliyepanga yote mawili alikuwa kwenye njia hiyo hiyo kwa miguu yake.

Kundi la mbele kwenye gofu lina mamlaka yote ya kirangozi. Kumpita huwezi mpaka akupe ruhusa. Lakini wajibu wake halina hata mmoja. Halitazami nyuma, na shimo zima lililo wazi mbele yake halilishtui.

La pili ni posho. Ujira wa mpagazi ulipatanwa kwa safari nzima, kama vile kedi anavyolipwa kwa raundi. Ila chakula kilitolewa kwa siku, kibaba cha nafaka kwa kila mtu. Maana yake mwenye msafara aliyekawia kambini kwa uzembe wake alilipia uzembe huo kwa nguo na shanga zake, kila jua lilipochomoza. Ucheleweshaji ulimuuma mwenye mali, siyo mbebaji peke yake. Na wapagazi walijua nguvu yao: waligoma, walikataa kunyanyua mizigo, wengine walitoroka usiku. Livingstone mwenyewe, na umaarufu wake wote, alikaa Kwihara hapo jirani kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akingoja watu wa kumbebea mizigo kutoka pwani. Mkubwa ndiye aliyengoja.

Kwenye gofu yetu mambo yamegeuzwa. Mkubwa anangojewa, na kungojewa huko hakumgharimu hata shilingi.

Ukiuliza kwa nini raundi ni ndefu, utaambiwa eti makedi ni wavivu, wanachelewa kuona mpira ulikoangukia. Jamani. Mimi nimesimama viwanjani na nimeangalia, na naona sababu tatu kubwa, zote za upande wa wenye fimbo.

Ya kwanza ni klabu zinazobana watu. Kundi linaachiwa kila baada ya dakika 8, wakati kuna shimo fupi moja ambalo kila kundi linalimaliza kwa dakika 10. Huhitaji shahada kuona matokeo. Kila kundi linaongeza dakika mbili za foleni, na kundi la kumi linasimama pale dakika 18 hata kama wote tisa waliotangulia wamecheza vizuri. Ni kama daladala kwenye kituo chenye nafasi ya gari moja. Klabu imeshapokea ada za wote, kwa hiyo foleni haiihusu.

Ya pili ni televisheni. Mtu wa handikapu 24 anazunguka shimo akisoma mteremko pande nne, anachuchumaa, anasimama, anapiga mapigo matatu ya hewa, halafu anakosa kwa mita nzima. Kajifunza wapi? Kwa wanaolipwa mamilioni ya dola. Mwaka 2018 kule Torrey Pines, Marekani, J.B. Holmes alisimama zaidi ya dakika 4 kabla ya pigo moja kwenye shimo la mwisho, dunia nzima ikitazama, na hakuadhibiwa. Miaka mitano kabla, kwenye Masters ya 2013, Guan Tianlang kutoka China, mchezaji wa ridhaa mwenye miaka 14, aliongezewa pigo moja kwa kuchelewa. Mtoto ndiye aliyefundishwa adabu. Somo hilo wakubwa wa viwanja vyetu wamelielewa vizuri sana.

Ya tatu ndiyo hasa inayonikera, nayo ni ukubwa. Mheshimiwa amechelewa kufika, basi orodha nzima ya kuanzia inasogezwa. Bosi wa kampuni iliyodhamini anapokea simu katikati ya shimo la 7, basi makundi matatu yanasimama juani yakisikiliza mambo ya zabuni. Nyuma yake wapo watu wanaoijua kanuni kuliko yeye, lakini nani atamwendea kumwambia, "Samahani mzee, tupisheni tupite"? Nahodha wa klabu anageukia pembeni. Msimamizi wa uwanja anaajiriwa na hao hao. Na kedi, ambaye anaona yote, akifungua mdomo leo, kesho hapati mkoba.

Kanuni zenyewe hazina tatizo. Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira uliopotea ni dakika 3, si 5 kama zamani. Inapendekezwa pigo lisizidi sekunde 40. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju inaruhusiwa, tena inahimizwa, aliye tayari apige bila kungoja zamu, mradi ni salama. Anayechelewesha bila sababu anaongezewa pigo moja kwanza, akirudia anaongezewa mawili, akiendelea anatolewa. Tena kuna kitu ambacho wachezaji wengi wa ridhaa hawataki kukisikia: chini ya mfumo wa handikapu unaotumika duniani tangu 2020, kuna kikomo cha mikwaju inayohesabiwa kwa kila shimo. Ukishavuka kikomo hicho, mapigo yako ya ziada hayaingii kwenye hesabu ya handikapu yako. Yule anayehangaika kwa pigo la 11 huku watu wanane wakimsubiri, mara nyingi anahangaikia namba ambayo haimpi wala haimnyimi kitu. Na mashindano ya pointi ya Stableford, yaliyoanzishwa Uingereza 1932, yanamruhusu kabisa aokote mpira na kwenda zake. Kwa hiyo anayebaki pale kabaki kwa kupenda, kwa saa ya mtu mwingine.

Najua nitakavyojibiwa. "Gofu ni starehe, kwani tunakimbilia wapi?" Starehe ni yako, ndugu yangu. Kwa kedi ni kazi, na ungemwona fundi wako wa nyumba anafanya starehe saa moja na nusu ungemkata hela. Wengine watasema nawaonea wazee. Hapana. Wazee niliowaona viwanjani ndio wepesi kuliko wote: mzee anapiga mita 120, mpira umenyooka, anaufuata, anapiga tena. Anayechelewesha ni wa makamo, ana nguvu za kutosha kuupeleka mpira porini, na heshima ya kutosha kuutafuta dakika kumi bila kuulizwa. Wengine watasema sisi wa vyama vya michezo na magazeti tuna mambo makubwa zaidi ya kuandika. Labda. Lakini makedi ndio chuo cha gofu ya ukanda huu. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mikoba ya watu. Kijana anayekosa mkoba wa pili anakosa pia ile jioni ya kujaribu mapigo yake mwenyewe, maana jua limekwisha.

Kwa hiyo sitaki kampeni ya mabango yenye picha za kobe. Nataka mambo manne. Klabu ziachie makundi kwa nafasi inayolingana na shimo lake gumu kuliko yote, hata kama ni kupunguza washiriki. Kundi lenye shimo tupu mbele yake lipishe, liwe la waziri au la karani, na msimamizi alindwe anapolitamka hilo. Makedi wawe na mjumbe wao kwenye kamati ya mashindano, mwenye kura, kwa sababu wao ndio wanaojua foleni inaanzia wapi.

La nne ni posho ya kuchelewa. Raundi ikivuka masaa manne na nusu, kila mchezaji amlipe kedi wake kwa kila nusu saa inayozidi, pesa taslimu, hapo hapo, kabla ya kuingia baa. Wenye misafara waliweza kuwahesabia watu wao kibaba kila siku, tena porini, bila hata karani. Klabu yenye kompyuta na mashine ya kadi haitashindwa kuangalia saa ya ukutani.

Anayependa kwenda pole pole bado ataruhusiwa. Alipie, au abebe mkoba wake mwenyewe.