VUMBI LA NYUMBANI NALO NI ADUI



Wengi wetu tukitoka kazi ya reli twashika randa na msumeno nyumbani, tupate karo ya watoto. Kazini tukikosa kinga twapiga kelele. Nyumbani, ambako bwana mkubwa ni sisi wenyewe, twanyamaza. Je, mapafu ya jioni si yale yale ya asubuhi?

Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walilitia vumbi la mbao katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu.

Mimi nilinunua mashine ya kuvuta vumbi kwa kutazama nguvu ya mota tu. Usiku mmoja, baada ya kupiga msasa mbao za mvule, niliwasha tochi. Vumbi lilikuwa likitoka mfukoni kama moshi! Mfuko ule ulizuia maranda, ukaachia vumbi jembamba, nalo ndilo lifikalo ndani ya mapafu.

Basi, ndugu, dukani uliza kwanza habari za chujio. La mikroni 30 liache. Tafuta la mikroni 1 au chini yake. Kwa randa ya mashine, bomba liwe pana, inchi 4. Fedha zikiwa haba, wanne wachange wanunue moja nzuri, kama tulivyozoea kuchanga chamani. Kabla ya hapo, piga msasa nje, funika pua, na watoto wakae mbali.

Hatutafuti senti ili tumpelekee daktari.