Mbwa mwenye nywele za rasta



Juma lililopita binti wa dada yangu, anayefanya kazi ya nyumbani kule Ubelgiji, alinipigia simu akilia: "Mama mdogo, watanifukuza." Alimwosha mbwa wa bosi wake jioni, akampangusa juujuu, akamwacha alale. Baada ya siku mbili mbwa alinuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni, na ngozi yake ilikuwa nyekundu.

Mbwa huyo ni Puli, aina inayotoka Hungaria. Huko Puli huswaga kondoo, na mwenzake Komondor, mkubwa na mweupe, huwalinda. Wote wawili wana nywele zinazojisokota kamba-kamba. Kamba hizo huwakinga na baridi, hata na meno ya mbwa mwitu.

Nywele laini za ndani hushikana na zile ngumu za juu, na kamba huanza kuonekana mbwa akikaribia mwaka mmoja. Tangu hapo hakuna kitana wala burashi. Kamba zinagawanywa kwa vidole, moja moja, mpaka kwenye ngozi. Zikiachwa, zinaungana kama mkeka, na chini ya mkeka ngozi haipati hewa.

Kuosha ni asubuhi, si jioni. Sabuni uichanganye kwanza na maji, kisha ukamulie ndani ya kamba bila kufikicha. Suuza mpaka maji yatoke safi. Kamua tena kwa taulo kavu, nyingi, halafu mweke mbele ya mashine ya upepo. Puli anaweza kuchukua siku nzima kukauka, Komondor hata siku mbili. Shika kamba katikati: ikiwa bado baridi, haijakauka.

Nilimwambia mtoto: "Usifiche. Mwambie bosi ukweli, mbwa apelekwe kwa daktari wa wanyama." Akasema. Yule mzee alikasirika, kisha akakubali kwamba naye hakumwonyesha kazi. Sasa binti wetu, aliyejifunza kusuka kwenye baraza ya mama yake, anagawanya kamba hizo kila juma, na mbwa anasinzia miguuni pake.

Wamama, tunapowaaga watoto wanaokwenda kazini, tuwaambie: kazi usiyoijua, uliza kabla ya kuishika. Kuuliza si ujinga.

Tuonane juma lijalo.