Posho si Ujira: Mwamuzi wa Waberi na Kipenga Chake

Wahenga walilonga kuwa mchumia juani hulia kivulini. Aliyewahi kusimama kando ya kiwanja cha vumbi katika wadi ya Waberi, mjini Garissa, saa tisa alasiri, atakuwa na swali kwa wahenga hao. Mwamuzi wa kandanda hukimbia dakika 90 katika joto lililowashinda hata mbuzi, hutukanwa kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kisha hwenda zake na kitu kiitwacho posho. Kivuli chake ki wapi?

Makala haya yanashikilia kuwa neno hilo lenyewe, posho, ni sehemu ya dhuluma anayotendewa.

Msomi wa Kiswahili anajua kuwa ujira ni haki ya aliyefanya kazi, na mshahara ni ujira wa mwezi. Posho ni jambo jingine. Ni chakula alichopimiwa kibarua ili apate nguvu za kurejea kazini kesho. Anayepewa posho hadai, hushukuru. Ndiyo maana mwandalizi wa mashindano humwambia mwamuzi asubiri wiki ijayo pasi na haya wala soni.

Mwamuzi mmoja nimjuaye, mwalimu kwa taaluma, alichezesha mechi mbili Jumamosi moja akapewa shilingi 500. Alilipa nauli ya bajaji kwenda na kurudi, akanunua maji ya kunywa, na kilichosalia kikamtosha pakiti moja ya unga na nusu kilo ya sukari. Aghalabu bidhaa hizo huletwa kwa malori kutoka upande wa Nairobi, takriban kilomita 370, na gharama ya safari humwangukia mnunuzi. Serikali huwalipa walimu wa eneo hili marupurupu ya mazingira magumu. Kwa hivyo ugumu unatambuliwa darasani Ijumaa, ukasahaulika kiwanjani Jumamosi.

Madhara yake hayaishii tumboni. Mnamo Juni 2018, Aden Range Marwa, mwamuzi msaidizi Mkenya aliyekuwa pia mwalimu, alionekana katika video ya mwanahabari wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, akipokea dola 600. Alijiondoa katika orodha ya waamuzi wa Kombe la Dunia nchini Urusi siku chache kabla ya mashindano kuanza. Simtetei. Wako maskini wengi wasiouza kipenga chao, na wako matajiri waliokiuza. Hata hivyo, tukiuzoea mtindo wa kuuita ujira posho, tusishangae hongo nayo ikiitwa zawadi. Mikono ni ile ile, na stakabadhi haipo katika hali zote mbili.

Wapo watakaodai kuwa michezo ya mitaani ni ya kujitolea na fedha hazipo. Mbona zipo za kikombe, za jezi na za kukodi vipaza sauti? Uingereza ilianza kuwaajiri waamuzi wa ligi yake kuu kwa mshahara mwaka 2001. Hatuombi hayo Waberi. Tunaomba tu yale ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 41, inamwahidi kila mfanyakazi: malipo ya haki.

Wasomi wenzangu, tusiwanyoshee wengine vidole. Vyama vyetu vya wanafunzi huandaa michezo kila mwaka, nasi humwita refa kwa simu, tukamlipa kwa soda na makofi. Katika bajeti ijayo, tuandike mstari wa kwanza: ujira wa mwamuzi. Kiasi kijulikane mapema, naye alipwe kabla kipenga cha kwanza hakijalia. Baada ya hapo tutakuwa na haki ya kumkemea akikosea.