Filamu za Kwetu Husemewa na Nani?

Kila filamu ya hali halisi iliyopigwa katika nchi zetu inapoteuliwa kuonyeshwa Ulaya au Marekani, magazeti hushangilia, nasi hatuna kinyongo na shangwe hiyo. Twauliza jambo moja tu: huko iendako, filamu hiyo husema kwa ulimi wa nani? Na irudipo nyumbani, kama hurudi, husema na nani?

Mwenzetu mmoja, mtengenezaji wa filamu na mkazi wa Kasubi, alialikwa miaka michache iliyopita kwenye tamasha la filamu za aina hii katika mji mmoja wa Ulaya. Filamu yake yahusu jumba la Muzibu Azaala Mpanga, lililoteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na kazi ndefu ya kulijenga upya. Wasomaji walio mbali na Kampala wakumbuke kwamba humo ndimo walimowekwa Makabaka wanne: Muteesa wa Kwanza, aliyejenga ikulu yake mahali hapo mwaka 1882, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili. UNESCO iliiingiza Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikaihesabu miongoni mwa urithi ulio hatarini mwaka 2010, na kuiondoa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2023.

Katika filamu hiyo watu husema Luganda, na pale majirani wa makabila mbalimbali wanapokutana husema Kiswahili. Waandaaji walitaka maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Kazi hiyo akapewa mtu wa huko huko, aifanye kwa siku chache. Ikawa hivi. Asubuhi ya baada ya moto, bibi mmoja muuza ndizi anamwambia jirani yake aliaye: "Pole sana, mwenzangu." Mfasiri akaandika neno la kuomba radhi. Taa zilipowashwa, mtazamaji mmoja akasimama na kuuliza kwa upole kabisa: yule bibi aliomba radhi kwa kosa gani? Je, yeye ndiye aliyewasha moto?

Walimu wenzetu, msicheke upesi. Chanzo cha moto ule kimebishaniwa tangu siku ulipowaka, na watu walipoteza maisha katika ghasia za kesho yake. Kumtia mtu kinywani maneno ya kukiri kosa katika habari kama hiyo si mzaha. Hata mtoto wa darasa la kwanza ajua kwamba humpa pole aliyejikwaa bila ya kuwa wewe ndiye uliyeweka jiwe njiani.

Kosa la pili halikumshangaza mtazamaji yeyote, na kwa hiyo lilikuwa baya zaidi. Mzee wa ukoo wa Ngeye, ambao ndio wenye dhamana ya kuezeka jumba hilo, anaeleza kwa Luganda kwamba Kabaka hafi; hupotea akaingia Kibira, ule msitu ulio nyuma ya pazia la lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Chini ya picha pakaandikwa kwamba wafalme wanne waliokufa wamezikwa hapo. Mzee akasema asichosema, tena mbele ya mamia ya watu.

Kiswahili kina ngazi zake: mtu hufa, hufariki, na mtukufu hutawafu. Hatudai kwamba kutawafu ni sawasawa na fikra ya Waganda. Twasema kwamba mfasiri aliyelelewa katika lugha yenye ngazi kama hizo angesita hapo, akauliza. Mwenzetu hakuulizwa, alikabidhiwa filamu yake imekwisha andikwa.

Hali hii si ya Kasubi peke yake. Filamu ya Hubert Sauper wa Austria, Darwin's Nightmare, iliyotolewa mwaka 2004, ilipigwa Mwanza, ikasifiwa na kutuzwa Ulaya, na Rais Kikwete akaishutumu hadharani mwaka 2006. Yamesemwa mengi juu ya sangara na silaha. Juu ya lugha yamesemwa machache mno, ingawa mlinzi wa usiku, mmojawapo wa wasemaji wakuu humo, hujibu kwa Kiingereza cha kubabaisha katika nchi ambayo angeweza kujieleza barabara kwa Kiswahili. Mtu huyo alionekana mpungufu wa mawazo, kumbe alipungukiwa na lugha ya kigeni tu.

Tofauti na hiyo ni kazi ya Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani, iliyoteuliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020, mwaka ambao tamasha lenyewe halikufanyika kwa kawaida yake kwa sababu ya Korona. Humo majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000 wanasafiri kwa mashua hadi Kinshasa kudai fidia, nao hugombana, huimba na huomba kwa Kiswahili na Kilingala chao. Hakuna anayeonekana mpungufu.

Wapo watakaosema: Kampala ni mji wa Luganda, na Kiswahili ni lugha ya kambini. Wimbo huo tumeuchoka. Katiba ya Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Wala hatuombi Luganda ipishwe njia. Katika vibanda vya video vya Kampala, viijei huifasiri filamu ya Hong Kong kwa Luganda papo hapo, kwa mdomo wake, bila ruzuku ya mtu. Tanzania nao walikuwa na Lufufu, aliyezitia sinema za kigeni Kiswahili. Ikiwa kibanda chaweza, tamasha lenye wafadhili lashindwaje?

Basi twawataka watengenezaji wa filamu wayaandike maandishi ya Kiswahili kabla filamu haijavuka mpaka, yapitiwe na mwenye lugha, na mfasiri wa ugenini aanzie hapo.

Mwenzetu wa Kasubi amekwisha kutuletea maneno yote ya filamu yake, nasi tumeanza. Tumekwama katika kitenzi kimoja cha Luganda, okuterekebwa, yaani kuwekwa kama akiba, litumikalo kwa Kabaka badala ya kuzikwa. Baadhi yetu wanataka "kuhifadhiwa". Wengine wanasema neno hilo lanuka makumbusho, afadhali "kusitiriwa", ingawa hilo nalo watu wa pwani hulitumia kwa maiti wa kawaida. Msomaji mwenye neno bora na atuandikie kabla ya toleo lijalo.