Kitabu cha Mkono si Mchezo wa Kigeni

Wapo wasemao kwamba wanafunzi wa sanaa wanaoshona kurasa kwa uzi, wakajalidi kwa mikono yao na kuandaa maonyesho ya vitabu vya nakala moja moja, wanaiga mtindo wa Ulaya. Kauli hiyo ni ya mtu aliyesahau kwao.

Kabla mitambo ya chapa haijaenea mwambao, ushairi wa Kiswahili uliokuwa karatasini ulikuwa katika vitabu vya mkono. Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, misahafu ilinakiliwa na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Lamu, Muhamadi Kijuma, mshairi na mchongaji wa mbao, aliendelea kunakili tenzi kwa hati za Kiarabu hata katika karne ya 20. Kazi zake nyingi leo zimehifadhiwa London na Berlin. Wageni waliona hazina pale ambapo wenyewe tuliona makaratasi.

Lawama moja wanafunzi wanastahili: wasivifungie vitabu vyao ndani ya vioo. Kitabu kisichofunuliwa ni pambo tu, na shairi lisilosomwa ni bubu.

Lakini wanaowabeza nao wajibu swali. Miswada iliyobaki makashani inaliwa na mchwa, na nyuzi zake zinafumuka. Ufundi huu ukidharauliwa hata na vijana, ni mkono wa nani utakaoishona tena?