Ongeza, Mbona Huli?

Ukianza mazungumzo ya lishe kati ya Handeni na Korogwe, jibu la kwanza huwa hili: kila mtu na tumbo lake. Basi watazame abiria wa mabasi wakishuka Korogwe kula. Wa mbele akiagiza chipsi kuku na soda, nyuma yake huagizwa hivyo hivyo, na muuza machungwa aliye hatua chache kando hapati hata mteja wa kuuliza bei. Marekani, watafiti Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa watu 12,067 waliofuatiliwa miaka 32: rafiki yako akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa wewe kumfuata huongezeka kwa asilimia 57. Wapo wataalamu walioipinga hesabu hiyo, wakisema marafiki huchaguana kwa kufanana. Pingamizi lina uzito, ila halielezi foleni ya chipsi, maana abiria wale hata hawajuani.

Wengine husema hayo ni ya mjini, kijijini tunakula cha shamba. Kweli, unene umezidi mijini. Lakini kwa Tanzania nzima, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakafika 28 katika utafiti wa 2015-16. Na wa mjini hurudi kwao sikukuu, na ladha zao mkononi.

Hapo ndipo inapozuka kauli inayoniudhi kuliko zote: mchunga ni chakula cha dhiki. Mmea huu huota wenyewe mashambani. Ni mchungu hasa, ndiyo maana hutiwa nazi au karanga, ukaliwa kwa ugali wa mahindi au bada, yaani ugali wa muhogo. Wazigua, Wabondei na Wasambaa wameula tangu enzi za mababu, na kosa lake pekee ni kwamba huchumwa bure. Mgeni wa Dar es Salaam akibisha hodi, sufuria ya mchunga inasogezwa pembeni, wali unapakuliwa. Mtoto anayeona hivyo amefundishwa zaidi kuliko ambavyo bango lolote la zahanati lingemfundisha, na kesho akiukataa tunasema watoto hawapendi mboga, ndivyo walivyoumbwa.

Hawakuumbwa hivyo. Mwaka 1980 mtafiti Leann Birch aliwaketisha watoto wadogo na wenzao waliopenda mboga ambayo wao hawakuitaka. Baada ya siku chache wengi waliichagua wenyewe, bila kiboko wala hotuba.

Kauli iliyobaki: kukataa cha mwenyeji ni dharau. Hii naikubali nusu. Kukataa kabisa huumiza, lakini heshima haijawahi kupimwa kwa wingi wa matonge. Kwenye sinia hakuna anayehesabu. Kata tonge dogo, vuta mboga zaidi, kula taratibu, na shangazi akisema "ongeza, mbona huli?" muombe mchunga uliowekwa pembeni.