Katuni si picha za harusi

Wadau, kuna jambo linanikera. Vijana wengi hapa Dar wanasoma katuni kwenye simu kwa kutumia galari, ile ile inayotunza picha za harusi na risiti za M-Pesa. Halafu wanalalamika kuwa katuni za kwenye simu hazinogi. Zitanoga vipi wakati ukurasa wa 10 unatangulia wa 2, na katikati imejipenyeza picha ya shangazi akikata keki?

Tatizo si simu, jamani. Pita Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, hata simu ya bei ya chini inaweza kufungua kurasa hizi. Tunachokosa ni programu sahihi na mpangilio.

Mimi programu ya katuni naipima kwa mambo manne. Ifuate mtiririko wa kurasa. Ikumbuke ulipoishia. Ikuze mchoro kirahisi, maana maneno ya wahusika huwa madogo. Na isidai intaneti kila unapofungua. Habari za bando tunazijua wenyewe! Mpenzi wa manga aongeze la tano: igeuze kurasa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye kompyuta jaribu YACReader, kwenye Android kuna Perfect Viewer. IrfanView, iliyoanza 1996, ni nyepesi na inafaa kwa kompyuta kuukuu, ila imelenga picha za kila aina, si katuni hasa.

Lakini kubwa kuliko programu ni faili lenyewe. Faili la CBZ ni picha zilizofungashwa kwenye zip, kisha herufi za mwisho za jina zikabadilishwa kuwa cbz. Basi! Zipe kurasa majina 001, 002, 003 na hazitaparanganyika. Comixology, duka kubwa la katuni la Marekani, lilinunuliwa na Amazon mwaka 2014. Desemba 2023 programu yake ikafungwa, wasomaji wakahamishiwa Kindle. Mwenye CBZ yake hahamishwi na mtu. Programu moja ikifa, anafungulia nyingine.

Kwa nini naumiza kichwa hivi? Kwa sababu ya Sani. Jarida hilo, lililoanzishwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilitupa kina Ndumilakuwili, Kipepe na Lodi Lofa. Sasa nakala za zamani zina maadui: unyevu wa bahari, mchwa, na muuza karanga anayetafuta karatasi ya kufungia. Kama mzee wako ana rundo chini ya kitanda, lipitishe kwenye skana kabla hawajafika.

Hapo tuelewane. Kutunza nakala yako ni jambo moja, kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp ni kumla mchoraji jasho lake. Tena picha zenyewe zinafika zimebanwa hadi maneno hayasomeki.

Ndiyo maana nawageukia wachoraji na wachapishaji: mnasubiri nini? Fungasheni matoleo yenu kwa CBZ, muyauze kwa pesa za simu kwa bei ya soda. Tumezoea kununua bando kwa njia hiyo hiyo, katuni itatushinda nini? Msipouza ninyi, wataendelea kugawa wasiohusika, na mchoraji atabaki kusifiwa tu.

Nawasilisha.